Likizo ya Pahi

Msalato, Dodoma
4 Februari 2024

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nadhani mwandiko umeutambua kabla hujalifikia jina. Huku tu wazima isipokuwa mmoja, na huyo nitamfikia. Mume wangu Athuman anakusalimu. Bado yuko kwenye ujenzi wa uwanja wa ndege, kila jioni anarudi mwekundu kwa vumbi mpaka watoto wanamcheka. Mimi cherehani yangu haijapoa tangu shule zifunguliwe, nimeshona sketi za bluu mpaka naziota. Simu yako nimepiga mara nyingi, inaita tu. Ujumbe hujibu. Basi nimerudi kwenye kalamu kama ulivyoniagiza, na barua hii nampa Nurdini, kondakta wa basi la asubuhi, akufikishie mkononi.

Baba ametoka hospitali. Walimlaza wiki tatu. Mapafu yake yameharibiwa na vumbi la mawe, ile kazi yake ya miaka yote ya kuponda kokoto, na sasa analala sebuleni kwetu, maana tangu Mama afariki hana mwingine wa kumwangalia. Ametoka na mashine ya oksijeni ya kuazima. Inanguruma kutwa nzima, na mrija wake unaingia puani. Wameiweka kwenye namba nne.

Sasa swali langu. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa daktari ameandika sentensi moja ya Kiingereza, na ndani yake kuna neno WEAN. Nesi alilisoma haraka, nikasikia "win". Athuman akasema ndilo hilo hilo, daktari kakosea herufi tu, maana yake Baba atashinda. Tukafurahi sana. Nyumba nzima tukawa tunamwambia Baba kwamba daktari kaandika atashinda, naye akawa anajibu, "Nitashinda na njaa kama hamniletei uji."

Lakini zile herufi mbili za katikati zinaninyima raha. Wewe umefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja. Neno hili maana yake nini, na linatumikaje? Mashine tuiache au tuitoe? Naogopa kukosea.

Na jingine. Baba anakuulizia. Ana neno la kukwambia, na hataki liandikwe, anataka kulisema kwa mdomo wake wewe ukiwa umekaa mbele yake. Najua imepita miaka kumi na moja tangu maziko ya Bibi, mama yenu, na najua mlivyoachana pale kaburini. Siulizi nani alikosa. Nauliza tu kama utakuja.

Mwanao,
Salma


Kondoa Mjini
2 Machi 2024

Mwanangu Salma, marahaba.

Barua yako imechelewa kunifikia kwa sababu Nurdini ni Nurdini. Huku mvua si haba, mbaazi zimesimama vizuri na alizeti ya jirani imeniziba dirisha. Msikiti wetu umepata mwadhini mpya, kijana wa Bereko, mpole kupita kiasi. Anaadhini kama anayemnong'oneza mgonjwa, na mara mbili nimekosa swala ya Alfajiri kwa ajili yake. Nilipeleka malalamiko kwenye kamati, wakanitazama tu.

Neno lako. Mwambie Athuman daktari hakukosea herufi, ni sisi tunaotamka kila kitu namna moja. "Win" ni ya mkato na ndiyo kushinda. "Wean" huvutwa, na maana yake ya kwanza ni kumwachisha mtoto ziwa. Kutoka hapo ikatanuka: kumwachisha mtu chochote anachokitegemea, kidogo kidogo, huku anapewa kingine cha kushika.

Tazama na matumizi yake, maana neno bila matumizi ni ufunguo bila mlango. Kiswahili chetu kina vitenzi vingi vya kutenganisha, kila kimoja na kazi yake. Msumari unang'olewa. Mshono unafumuliwa, na hapo wewe ndiye mwalimu. Mkono wa mtoto uliong'ang'ania kanga ya mama yake unabanduliwa. "Wean" si mojawapo ya hivyo. Anayefanyiwa ni kiumbe hai, haifanywi kwa siku moja, na anayefanya anampenda anayefanyiwa, au ndivyo kamusi inavyodhani. Daktari anasema mashine ipunguzwe kadiri mgonjwa anavyoweza kustahimili. Hajasema ichomolewe. Usiichomoe.

Mifano, kama darasani. The child was weaned at two: mtoto aliachishwa ziwa akiwa na miaka miwili. Mfano wa pili nimeufuta, haukuwa mzuri.

Mpe mgonjwa pole. Magoti yangu hayanipi ruhusa ya safari.

Masudi


Msalato
17 Machi 2024

Baba Mkubwa, shikamoo, na Ramadhani njema.

Nurdini ananiapia kwamba barua yangu alikupa siku ile ile, ukaitia mfukoni bila kuifungua. Sikugombi, nakuarifu tu kwamba ninajua.

Jibu lako lilipofika, kliniki walikuwa wameshanieleza. Wanatupa namba kila Jumanne nasi tunashusha. Kutoka nne tumefika tatu. Siku ya kwanza Baba alihema vibaya, ameshika ukingo wa kitanda na mimi nimemshika mkono, mpaka mwili wake ukazoea. Kinachomuuma zaidi ni kutofunga. Kila tukila futari anageukia ukutani, ingawa sheikh alikuja mwenyewe kumweleza kwamba mgonjwa ana ruhusa.

Sasa nikuseme kidogo, unisamehe. Barua yako nzima umemwita "mgonjwa". "Mdogo wangu" sikuiona popote. Na ule mfano wa pili hukuufuta sawasawa. Kalamu yako inakandamiza. Niliigeuza karatasi, nikaiinua dirishani, nikakopi herufi moja moja: He was weaned at his grandmother's and nobody fetched him. Nikampelekea mwalimu wa watoto anitafsirie, kisha nikamsomea Baba: aliachishwa ziwa kwa bibi yake na hakuna aliyekwenda kumchukua.

Baba alitaka nimsomee tena, mara tatu. Halafu akasema, "Mwambie aje. Neno lenyewe ndilo hilo."

Nilimwomba anieleze niandike, akakataa. Anasema amelikalia kwa hasira miaka kumi na moja, hawezi kulituma kwa kondakta kama gunia la vitunguu.

Mwanao,
Salma


Kondoa Mjini
21 Aprili 2024

Mwanangu Salma, marahaba, na Idi iliyopita iwe ya heri kwenu wote.

Si adabu kusoma kilichofutwa. Nakwambia hivyo kama mwalimu. Kama baba yako mkubwa nakwambia kwamba nilicheka, kwa sababu hata mimi ningefanya hivyo hivyo.

Nimeifungua ile kamusi yangu kubwa isiyo na jalada, nitazame asili ya neno lako. Miaka thelathini na moja ya kula chaki sikuwahi kulitazama. Waingereza wa kale walikuwa na kitenzi kinachofanana na hiki, na maana yake haikuwa kuachisha wala kutenganisha. Ilikuwa kuzoeza. Kumzoeza mtu au mnyama jambo jipya. Inaelekea kwamba waliposema kuachisha walitanguliza kiambishi cha kuondoa, kama Wajerumani wanavyotanguliza chao hadi leo, kisha kiambishi kikadondoka njiani na neno likabaki peke yake limebeba maana iliyogeuka. Kwa hiyo aliyeachishwa na aliyezoeshwa walikuwa mtu mmoja.

Nikageukia Kiswahili. Wazee husema kumlikiza mtoto, yaani kumwachisha ziwa. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichotupa likizo, hii ya wanafunzi na watumishi. Mtoto aliyelikizwa, kwa lugha yetu, amepewa likizo. Nilicheka tena, peke yangu, halafu kicheko kikaniishia.

Mwaka 1952 mama yetu alikuwa na mimba ya baba yako, nami nilikuwa bado nanyonya. Zamani kwetu mama akishika mimba, anayenyonya hupelekwa kwa bibi yake ili asahau ziwa, na mama hapaswi kuonekana mpaka mtoto awe amesahau kweli. Nikabebwa kutoka kwetu Mnenia mpaka kwa bibi, Pahi, nikae siku chache tu. Safari siikumbuki. Ninachokumbuka ni kungoja. Palikuwa na jiwe kando ya njia mbele ya nyumba ya bibi, na kila siku ya mnada, watu wa Mnenia walipokuwa wakipita, nilikaa juu yake natazama njia. Nilirudi nyumbani nina miaka tisa, nikamkuta mvulana wa miaka sita analala pembeni mwa mama yangu. Sikumchukia. Nilimwonea wivu, na wivu huo nimeuchoka lakini sijui pa kuutua.

Ndiyo maana siku ya maziko nilisema mimi ni mgeni pale. Baba yako akanijibu, "Basi kaa kigeni." Nimekaa.

Hayo hata marehemu mke wangu sikumwambia. Lakini kuja siwezi. Kama ana neno, aliandike. Ninayo sababu ambayo si magoti na wala si hasira, na hiyo sitaisema.

Masudi


Msalato
9 Mei 2024

Baba Mkubwa, shikamoo.

Leo sina habari za nyumbani. Tulishuka mpaka namba moja, Baba akakaa mlangoni akiota jua, akanisaidia kuhesabu vifungo vya mashati. Barua yako nilimsomea siku hiyo. Alilia, kisha akarudia mara kadhaa lile neno la likizo kama anayelihifadhi.

Wiki iliyofuata kifua kikambana. Tumepanda mpaka tano, na mrija wameuondoa, sasa anavaa barakoa ya plastiki inayofunika pua na mdomo. Nilimuuliza daktari tutaanza lini kupunguza. Akasema safari hii hakuna kupunguza, turudi nyumbani tukae naye.

Bado anakataa kulisema kwangu lile neno. Anakuachia wewe pumzi zake. Njoo na basi la Jumamosi. Usipokuja, mimi sitakuandikia tena, na naapa sitanii.

Salma


Kondoa Mjini
16 Juni 2024

Mwanangu Salma, marahaba.

Nilirudi salama. Mwezi mzima nimekuwa nikianza barua hii. Kesho ni Idi, na sitaki kuingia msikitini nikiwa nimeibeba.

Nawashukuru kwa kunipokea ile Jumamosi, na kwa kuniweka mbele siku ya Jumatatu tulipomzika baba yako. Uliniona nikishika udongo kwa mikono miwili. Ule ulikuwa wake na wa mama pia, kwa kuwa wa mama niliukataa.

Sasa ile sababu. Mwanangu, mimi sisikii. Mwaka wa tano huu. Ilianza sikio moja, likafuata la pili. Naona aibu, kwa sababu nimeishi kwa kusahihisha matamshi ya watu. Hapa mjini najifanya: nasoma midomo, nacheka wanapocheka. Simu naiona ikiwaka, nitaipokea nisikie nini? Ujumbe nao sikuujibu, niliogopa ungenipigia. Na yule kijana wa Bereko anaadhini vizuri kabisa. Nimemtaka radhi.

Nilipoingia sebuleni kwenu nilikuwa nimejiandaa kumsoma mdomo. Nikakuta umefunikwa. Nikaketi, akanishika kifundo cha mkono, akaanza kusema. Niliona kidevu kikienda na ukungu ukija na kutoweka ndani ya ile plastiki. Alisema kwa muda mrefu. Ningeweza kumwambia aivue, au arudie, lakini niliona kila neno linavyomtoa jasho. Basi alipotulia akanitazama kama anayengoja jibu, nikasema, "Ndiyo." Akasema tena kidogo, akatulia, nikasema tena, "Ndiyo." Akatabasamu, akafumba macho. Sijui nimekubali nini.

Miaka kumi na moja nimekataa kumsikiliza kwa makusudi, na siku niliyotaka sikuweza.

Ulikuwa umekaa mlangoni na shati mapajani. Ulisikia? Kama ulisikia, niandikie yote kama alivyoyasema, usinipunguzie.

Masudi


Msalato
25 Juni 2024

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nilikasirika kwanza. Nakwambia kwa sababu umesema nisikupunguzie. Nilikuona ukiitikia, nikamshukuru Mungu, nikamwambia kila aliyekuja kuhani kwamba ndugu wamepatana. Barua yako nimekaa nayo siku nyingi, naiweka chini ya cherehani, naitoa, naisoma tena. Jana hasira ikaniishia nikabaki na huzuni tu. Ungeniambia kuhusu masikio, ningekaa katikati yenu nikuandikie.

Nilisikia. Mashine inanguruma, kwa hiyo Baba alilazimika kupandisha sauti. Alisema hivi:

"Kaka, Mama alikuwa anakuja. Kila mnada. Kwanza mimi nikiwa tumboni, kisha mgongoni, baadaye kwa miguu, mpaka mimi mwenyewe nakumbuka. Hakupita njiani. Alizunguka nyuma, shambani, akasimama kwenye mtama. Wewe umekaa kwenye jiwe, unatazama njia. Alikuwa anakuona mgongo. Mara ya kwanza Bibi alimwambia asijionyeshe, kwamba umeacha kulia juzi tu, ukimwona utaanza upya. Ya pili vile vile. Baadaye Bibi akasema, ameshanizoea na mimi nimemzoea, ukimchukua utaniua. Mama akawa anakutazama, kisha tunarudi. Alilia njia nzima. Mimi nilidhani ni uchovu. Alinieleza wiki aliyokufa, akaniagiza nikwambie. Halafu pale kaburini ukajiita mgeni, ukaukataa udongo wake, nikasema huyu hastahili kujua. Nimekuficha mama yako miaka kumi na moja. Utanisamehe?"

Hapo ndipo uliposema ndiyo ya kwanza.

Kisha akasema, "Likizo yako imekwisha, Kaka. Nyumbani ni kwako." Hapo ukasema ya pili.

Baada ya hapo hakusema tena na mtu. Siku mbili zile alikuwa anatutazama tu, ametulia.

Baba Mkubwa, amekwenda akijua amesamehewa, na mimi sitamwambia mtu yeyote ulichoniandikia, hata Athuman. Lakini ulijibu kabla ya kujua umeulizwa nini, na hiyo inanikosesha usingizi. Sasa umesoma. Ukitaka kuligeuza jibu lako unayo haki, na mwenyewe hatajua. Niambie mimi tu. Bado ni ndiyo?

Mwanao,
Salma


Kondoa, stendi
25 Juni 2024, saa tisa alasiri

Mwanangu Salma,

Nurdini amesimama hapa, nimemzuia na basi lake, abiria wananitazama vibaya na kama wananitukana sisikii. Barua nimeifungua papo hapo mbele yake. Naandika juu ya boneti.

Ndiyo, kwa yote mawili.

Miaka ile yote juu ya jiwe sikugeuka nyuma hata mara moja. Jumamosi nakwenda Pahi. Nitaanzia shambani.

Ukienda kaburini, mwambie mdogo wangu kwamba nimesikia.

Kaka yake,
Masudi